Wanne wa Angani Wanaoombewa Buger

Kidole cha shahada cha Inosenti Lohay kinazungusha gurudumu jeupe la plastiki, robo duara tu, kisha kinatulia. Utepe mweusi umesogea upana wa kiganja. Anauinamia. Haupulizi, maana pumzi ina maji. Anachovya pamba kwenye kifuniko chenye spiriti, anaikamua, halafu anaupangusa utepe katikati ya vidole viwili, polepole, kwa kufuata urefu wake.

Pamba inatoka na unga mweupe. Anaitazama kwenye mwanga wa dirisha, anaitupa ndani ya kopo, anachukua nyingine.

Ni saa tisa kasoro robo mchana, Jumatatu, tarehe 16 Desemba 1985, katika chumba cha jenereta cha hoteli moja ndogo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Wageni waliopo ni watatu tu, nao wameshuka bondeni kutazama vifaru. Hawatarudi kabla ya saa kumi na moja. Dirisha la chumba hiki linatazama magharibi, na jua likikubali, kwa saa mbili hivi hewa ya humu inakuwa kavu. Muda huo ndio wake.

Inosenti ana miaka arobaini na saba. Kwa miaka kumi na miwili kazi yake imekuwa kuwasha jenereta jioni, kuizima wageni wakienda kulala, na kutengeneza chochote chenye waya. Mshahara wake ni shilingi 1,140 kwa mwezi. Shule aliishia darasa la nne. Mengine ameyasoma kwenye vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine, akiwa na kamusi ya mfukoni iliyopoteza jalada na kurasa zote za herufi A.

“Neno likianza na A, nalikisia,” anamwambia mwandishi wa habari hii. “Mengi nimeyapatia.”

Kilichofunguliwa mezani mbele yake ni kaseti ya video. Skrubu zake tano zimepangwa ndani ya kisahani kwa mpangilio uleule zilivyokaa. Magurudumu yake mawili ameyahamishia kwenye ubao alioutengeneza mwenyewe, wenye vijiti viwili vya kuyashikilia. Pembeni kuna daftari la shule. Kila siku huandika humo tarehe, hali ya hewa, na urefu wa utepe uliosafishwa. Ukurasa wa jana una maneno matatu: “Mvua. Hakuna kazi.”

Kaseti hiyo iliachwa hotelini Desemba 1983 na bibi mmoja wa Kiingereza aliyeinunua dukani kwao. Ndani ya boksi mlikuwa na kikaratasi: ni zawadi ya Krismasi kwa wafanyakazi. Inosenti alisoma nyuma ya boksi kwa jioni tatu mpaka akaelewa. Ni kipindi maalumu cha sikukuu cha mchezo wa televisheni kuhusu watu wanaoishi angani. Huko kwao kilirushwa mara moja tu, mwaka 1977. Watu wakaandika barua kwa miaka sita wakiomba kukiona tena, ndipo kikatiwa kwenye kaseti na kuuzwa.

Bara hakuna televisheni. Lakini hoteli ina seti na deki ya video kwa ajili ya wageni siku za ukungu, na meneja aliwaruhusu wafanyakazi kuangalia mchana, sebule ikiwa tupu. Waliipa jina lao wenyewe: Krismasi ya Angani.

Hadithi yake ni fupi. Watu wanne wako kwenye kituo kinachozunguka dunia. Chombo cha kuwarudisha nyumbani kabla ya sikukuu kimeharibika. Wanatengeneza mti wa Krismasi kwa nyaya kuukuu, wanagawana chakula cha kopo, wanachungulia dunia dirishani na kubishana ni upande gani wa dunia kuna kwao. Dakika hamsini na mbili, basi.

Wenzake waliicheka. Mlinzi wa lango, Moloimet, Mmasai ambaye ni rika lake, bado anaicheka. Sasa hivi amesimama mlangoni, fimbo begani, anatazama pamba ikienda na kurudi.

“Wewe Mmbulu, bado unamwogesha huyo mzungu?”

“Bado mgongo.”

“Sisi ng'ombe wetu walishuka kutoka mbinguni kwa kamba ya ngozi. Hao watu wako kamba hawana?”

“Kamba mliikata wenyewe, ndugu yangu.”

“Ilikatwa na Ndorobo mwindaji, si sisi,” anasema Moloimet. Anafikiri kidogo. “Lakini kweli, imekatika.” Anaondoka zake.

Kazi hii ya kusafisha utepe haikuanzia hotelini. Ilianzia kijijini kwao, Buger, tarafa ya Karatu, wilayani Mbulu, siku ya pili ya Krismasi mwaka jana.

Inosenti hakuwahi kula Krismasi nyumbani tangu aajiriwe. Desemba ni mwezi wa wageni, na pasipo jenereta hakuna hoteli. Zilipita Krismasi kumi na moja. Mwaka jana alipewa siku mbili. Hakuwa na zawadi ya maana ya kupeleka, sukari ilikuwa haionekani, basi akaomba aazime kaseti.

Fundi matrekta wa Karatu aitwaye Clemensi alikuwa amepata seti ya video na jenereta ya kubeba, akizunguka vijijini kuonyesha picha za karate. Alikubali kupita Buger, ingawa kwa kulalamika. “Watu wako wanataka mateke,” alimwambia Inosenti njiani, “wewe unawapelekea wazungu wanaokula mkebe.”

Waliziba madirisha ya darasa kwa mablanketi, mchana kweupe. Walikaa watu kama themanini, wazee mbele. Mama yake Inosenti, Bibi Marsela, aliwekewa kiti cha mwalimu. Inosenti alisimama kando ya seti na kutafsiri, sentensi ya Kiswahili kwa vijana, sentensi ya Kiiraqw kwa wazee. Majina ya Kiingereza yalimshinda ulimi, kwa hiyo akawapa majina ya ubatizo ya pale pale kijijini. Kapteni akawa Fidelisi. Daktari akawa Agripina. Fundi akawa Paskali, na mpishi Leokadia.

“Niliona nimefanya jambo jepesi,” anasema. “Kumbe nimewazaa.”

Kuna kitu alikuwa amekisahau. Picha zinazotembea, wazee wa Buger walikuwa wameziona mara chache tu, zikiletwa na gari la sinema la serikali. Ziliwaonyesha jinsi ya kuchimba choo, jinsi ya kupanda mahindi kwa mistari, mwenge ukipita, na askari wakirudi kutoka vitani Uganda. Yote yalikuwa kweli. Hakuna aliyewahi kuwaletea picha ya uongo. Kwa hiyo walipowaona watu wanne wamekwama juu, walijua wanaona habari.

Agripina alipolia, kina mama walilia. Mzee mmoja aliuliza kama serikali inajua. Bibi Marsela aliuliza mbona wako karibu hivyo na Looa, Mama wa juani ambaye Wairaqw walimwomba kabla ya padri kufika, na Looa hawaoni.

Dakika ya arobaini na moja, picha ikaanza kurukaruka. Kisha zikawa chenga tupu. Clemensi alizima, akawasha, akafuta deki, akarudisha nyuma. Chenga.

Kosa lilikuwa la Inosenti mwenyewe, na hamtupii mtu mwingine. Mara ya mwisho kuangalia hotelini, wageni walirudi ghafla naye akaitoa kaseti bila kuirudisha nyuma. Ikakaa hivyo kabatini masika yote. Mwisho wa hadithi ulikuwa kwenye mizunguko ya nje ya gurudumu, na unyevu wa ukingoni mwa kreta huanza na kilicho nje. Alipoirudisha kabla ya safari hakuikagua. Ukungu, ule unga mweupe, ulikuwa umekula dakika kumi na moja za mwisho.

Bibi Marsela aligeuka kitini. “Inosenti. Wamefika?”

Anapofika hapa katika kusimulia, Inosenti anaweka pamba chini.

“Mimi mwisho naujua,” anasema. “Nimeuona mara nne. Hawafiki. Wanapata ujumbe kwamba chombo kitakuja, siku hawaambiwi. Wanazima taa, wanakaa. Picha inaishia hapo. Walipanga kuendeleza kwenye vipindi vingine, ambavyo mimi sina. Na wala si watu wa kweli, ni waigizaji. Jioni walikwenda kwao wakala.”

“Ukamjibu nini?”

“Nilimwambia sijui.”

Alidhani litaishia hapo. Mzee mmoja akasimama, akaelekea mlangoni penye mwanga, akaanza *slufay*, ile sala ndefu ya wazee wa Kiiraqw ambayo mmoja huisema na wote huiitikia. Aliwaombea wale wanne njia, upepo mzuri na moto wa kuota. Watu themanini wakaitikia. Clemensi aliyekuwa anakunja nyaya akaziacha, naye akaitikia.

Jumapili iliyofuata Bibi Marsela alimwendea katekista Wilibrodi. Tangu siku hiyo, kila Jumapili kigangoni, baada ya kuwaombea wagonjwa, watu husikia: “Tuwaombee ndugu zetu Fidelisi, Agripina, Paskali na Leokadia, walio safarini.” Waumini wa vitongoji vya mbali wanadhani ni vibarua waliokwenda mashamba ya mkonge.

Inosenti alirudi kazini hajui lolote kuhusu sala hizo. Alizijua kwa barua. Dada yake, Cresensia, anayeishi na mama yao, huandika kila baada ya miezi miwili. Barua ya Machi iko kwenye daftari, imekunjwa mara nne: “Mama kifua bado kinambana. Ng'ombe amezaa. Mama anauliza kama wale wanne wana mablanketi, kwa sababu amewaza kwamba kama kwako juu ya mlima kuna baridi vile, huko zaidi je.”

Alikwenda nyumbani Pasaka, akakusudia kusema. Mama yake alikuwa ameketi juani ukutani, amejifunika. Kabla hajapokewa mzigo aliulizwa: “Umesikia chochote?”

“Bado, mama.”

“Redio yenu huko haisemi?”

“Haijasema.”

“Basi tusiwachoke,” alisema mama, akaomba maziwa.

Agosti alikwenda tena. Alirudi tena hajasema.

Mtu angeweza kusema ni jambo dogo, na Inosenti mwenyewe alijaribu kulisema hivyo. Ajuza anaombea watu wasiokuwapo, nani kaumia? Lakini ana sababu ya kutolichukulia hivyo, na sababu hiyo ina jina. Blandina, mkewe, alifariki Mei 1981 kwa homa, mvua ikiwa imekata barabara. Mtu aliyetumwa kumwita alifika hotelini siku ya tatu. Kwa desturi, msafiri haambiwi msiba akiwa mbali. Huambiwa kuna mgonjwa, ili miguu isimwishie njiani. Akaambiwa Blandina hajisikii vizuri, njoo.

“Nilitembea kutoka Karatu, mwendo wa saa sita kwenye matope,” anasema. “Njia nzima namwambia maneno. Ukipona nitafanya hivi. Ukipona tutajenga pale. Nimefika, kaburi tayari limefunikwa. Aliyenificha hakukosea, alinionea huruma. Lakini yale maneno ya saa sita sikujua niyapeleke wapi. Mpaka leo ninayo.”

Anachukua pamba mpya.

“Sasa mama yangu ana mwaka mzima wa maneno kama hayo. Na aliyemwambia kuna mgonjwa ni mimi.”

Novemba ilikuja barua nyingine. Daktari wa zahanati amesema moyo umechoka. Mama hatoki tena kwenda kigangoni; katekista ndiye anayemfuata nyumbani, na akifika, kabla ya kupokea Komunyo mama humuuliza kama majina manne yamesomwa. Cresensia aliandika mstari mmoja chini kabisa: “Anasema hataki kutangulia kabla ya kujua.”

Inosenti alisoma barua hiyo mara moja tu. Kesho yake aliomba spiriti kwenye sanduku la huduma ya kwanza.

Kwanza alijifunza kwa kaseti ya karate iliyokufa, aliyopewa na Clemensi. Alijaribu mafuta ya taa, yakatoa rangi yote ya kahawia na kuacha plastiki kama ya mfuko. Alijaribu maji ya sabuni, utepe ukajikunja. Spiriti ikafaa, lakini kidogo mno, na kwa kufuata urefu tu. Hata hivyo siku ya kwanza kwenye kaseti yenyewe mkono ulipitiliza, akapangusa kwa kukatiza. Zilipotea sentimita arobaini. Alipiga hesabu ya mwendo wa deki: sekunde kumi na saba. Anajua ni zipi. Leokadia anatafuta kijiko cha nne, hakipatikani, anawapa wenzake na yeye anakula kwa kifuniko.

“Hapo nitasema kwa mdomo,” anasema. “Kijiko nakikumbuka vizuri.”

Dakika kumi na moja ni mita kumi na tano na ushee. Siku nzuri husafisha sentimita sabini. Zaidi ya hapo macho huanza kuona ukungu pasipo na ukungu. Mpaka jana daftari lilikuwa na mita kumi na moja na nusu. Kila mita tatu hufunga kaseti, skrubu zote tano, na kuijaribu sebuleni mchana kama meneja yuko radhi. Juzi ilitoka sura ya Paskali, ya kijanivijani, ikiwa na mstari mmoja unaopanda. Ilikaa bila kuruka. Inosenti aliitazama peke yake na viti ishirini vitupu.

Safari hii amepewa siku nne, kuanzia tarehe 24. Moloimet amejifunza kuwasha jenereta ili amshikie zamu, ingawa huisemesha kama fahali mkaidi. Clemensi amekubali kupita Buger tena tarehe 26, sharti baada ya hapo aonyeshe mateke. Seti itapelekwa nyumbani kwa Bibi Marsela, kwa kuwa hawezi kufika darasani. Wazee watakaa ndani, wengine watachungulia.

Kuhusu la kusema, mwezi uliopita alitafuta shauri kwa katekista Wilibrodi, walipokutana Karatu. Ndiye mtu pekee wa Buger aliyemweleza yote.

“Alicheka mpaka akashika ukuta,” Inosenti anasimulia. “Akaniambia, sala ya mwaka mzima hairudishwi dukani. Lakini akasema pia, kama mama yako anauliza, mjibu. Mimi nitayasoma yale majina Jumapili zilizobaki, na siku ya Krismasi. Baada ya hapo uniambie wewe.”

Hana wasiwasi kwamba habari hii ya gazetini itamtangulia. Magazeti hufika Buger yakiwa yamefunga sukari, na sukari yenyewe haifiki.

Ameshapanga maneno, kwa utaratibu wake. Hataanza na jambo la waigizaji. Atawasha kwanza, aitafsiri sehemu iliyobaki bila kuongeza na bila kupunguza: ujumbe umekuja, siku haikutajwa, taa zimezimwa, wanne wamekaa. Picha itakapokwisha atamwomba Clemensi azime jenereta, ili kusiwe na kelele. Ndipo atakaposema ni mchezo, na kwamba mwaka jana mwisho alikuwa anaujua.

“Wazee wengine watakasirika,” anasema. “Wana haki. Yule mzee wa *slufay* aliomba kwa dhati, jasho lilimtoka.”

“Na mama?”

Anazungusha gurudumu robo duara, anautazama utepe, anaona alama nyeupe pembezoni, anairudia mara ya pili kwa pamba ileile.

“Mama alinizaa miaka arobaini na saba iliyopita, na Krismasi nimekaa mbali naye nyingi kuliko watu hao. Akicheka, nitafurahi. Akinuna, nitampikia uji. Akinyamaza, nitakaa naye anyamaze. Safari hii siku ninazo nne.”

Saa kumi na dakika ishirini mwanga wa dirishani unapungua. Ukungu unapanda kutoka bondeni, kwanza unafunika mkuyu ulio nje, kisha uzio, kisha kioo chenyewe kinalowa. Inosenti anagusa utepe kwa ukucha. Spiriti haikauki. Hapa hata dakika moja zaidi ni kuharibu.

Anafunika ubao kwa sufuria iliyopinduliwa, anazungushia blanketi lake la kitandani, anaweka kopo la chumvi ndani ili livute unyevu. Usiku atalala kwa koti. Anaandika daftarini: “Jua kwa saa moja na nusu. Sm 60.” Anapiga mstari.

Saa kumi na moja gari la wageni linasikika likipanda kona za mwisho. Anafuta mikono, anashika mpini wa jenereta. Zimebaki mita tatu, na siku nane.

“Kesho kukiwa na jua,” anasema, “naanzia pale Agripina anaponyanyuka kwenda dirishani.”